Puli ya kompresa ikilia: vidokezo vya kuibadilisha mwenyewe nyumbani

Unawasha gari alfajiri, na kabla geti halijafunguliwa mtaa mzima umeshajua kwamba unatoka. Kuna mkwaruzo chini ya boneti, upande wa mikanda, na unazidi kadiri unavyokanyaga mafuta. Fundi anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa: "Bosi, kompresa imekufa hii, tutafute nyingine." Kabla hujaingiza mkono mfukoni, mwombe subira. Mara nyingi kompresa yenyewe ni nzima. Kilichochoka ni beringi iliyo ndani ya puli yake, kitu kinachoenea kiganjani, nacho hubadilishwa bila kugusa gesi ya kiyoyozi. Vidokezo hivi ni vya mwenye gari la kawaida ambalo kiyoyozi chake kinaendeshwa na mkanda wa injini: Vitz, IST, Probox, Premio, Noah na wenzao tunaopishana nao kila siku. Ukiwa na spana, kivuli na nusu siku isiyo na haraka, kazi hii unaiweza.

1. Sikiliza kwanza kiyoyozi kikiwa kimezimwa

Hapa ndipo pesa za watu zinapookolewa au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Puli ya kompresa huzunguka muda wote injini inapowaka, hata kama hujagusa kitufe cha AC tangu mwaka uanze. Inaelea juu ya beringi yake, na shafti ya kompresa imetulia tu katikati. Nyuma ya puli kuna koili ya shaba, na mbele yake kisahani cha klachi kilichofungwa kwenye shafti. Ukibonyeza kitufe, umeme wa volti 12 unaingia kwenye koili, koili inageuka sumaku, kisahani kinavutwa na kung'ang'ania puli, "tak!", na hapo ndipo kompresa inapoanza kazi ya kusukuma gesi.

Ukishaelewa hilo, masikio yako yanakuwa kipimo. Kelele ikiwepo AC imezimwa, kisha ikabadilika au kupungua pale unapoiwasha, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya puli. Ikiwa gari liko kimya na kelele huanza baada ya "tak" tu, shida inaweza kuwa ndani ya kompresa, au klachi inateleza, na puli mpya haitakusaidia. Mlio mkali unaokuja asubuhi yenye unyevu na kupotea baada ya dakika chache mara nyingi ni mkanda wenyewe. Nyunyizia mkanda maji kidogo kwa chupa, ukiwa umesimama mbali na vinavyozunguka: sauti ikibadilika papo hapo, shughulika na mkanda kwanza.

2. Vua mkanda, zungusha kwa mkono

Masikio yanaweza kudanganywa, kwa sababu upande huo wa injini una vitu vingi vinavyozunguka kwa pamoja: altaneta, pampu ya maji, pengine pampu ya usukani, na puli za kuongozea mkanda. Zote zina beringi na zote hulia kwa lugha inayofanana. Mkanda ukiwa nje (soma kwanza kidokezo cha 9 na cha 10 kabla hujauvua), kila kimoja kinajieleza peke yake.

Zungusha puli ya kompresa taratibu kwa vidole. Nzima huzunguka laini na kimya. Iliyokufa utaisikia kidoleni kabla ya sikioni: inakwaruza, kana kwamba kuna mchanga ndani, au inashikashika. Ishike kwa mikono miwili uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, maisha yake yamekwisha. Halafu fanya hivyo hivyo kwa altaneta, pampu ya maji na nyingine zote, maana ni huzuni kubadilisha puli ya kompresa nzima huku ya altaneta ndiyo inayolia.

Kisha zungusha kisahani cha klachi cha mbele, kile kilichofungwa kwenye shafti. Kinatakiwa kizunguke kwa uzito kiasi na kwa usawa. Kikigoma kabisa, au ukisikia vitu vinasagana, kompresa ndiyo mgonjwa na vidokezo vinavyofuata haviwezi kuiponya.

Ukitaka uhakika zaidi, washa injini bila mkanda kwa nusu dakika tu, usizidishe. Kwenye magari mengi ya injini ya 1NZ-FE mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, hivyo bila mkanda maji hayatembei. Taa ya betri itawaka kwenye dashibodi, usishtuke. Kelele ikiwa imetoweka, mkosaji yuko kati ya vile vilivyokuwa vinazungushwa na mkanda.

3. Gesi iache ilipo

Puli, koili na kisahani viko nje ya kompresa. Hakuna sababu yoyote ya kufungua mabomba mawili ya gesi ili kuvibadilisha. Atakayekwambia "lazima tumwage gesi kwanza" kwa kazi ya puli, mwulize kwa upole ni kwa nini.

Mfumo wenye gesi ya R134a, gari likiwa limezimwa na hewa ya nje ni nyuzi joto 30, unakuwa na msukumo wa karibu psi 95 ndani. Tairi lako lina kama 30. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikikurukia mkononi au machoni inagandisha nyama papo hapo. Tena ni mzigo kwa anga: kilo moja ya R134a inapasha joto dunia sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana hapa kwa majirani zetu, Kigali, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua.

Nafasi ikiwa finyu mno, unaweza kufungua bolti za kompresa na kuisogeza pembeni mabomba yakiwa yamefungwa vilevile. Ifunge kwa waya imara kwenye chasi. Isining'inie kwenye mabomba yake hata kwa dakika moja.

4. Hakikisha kompresa yako ni ya aina hii

Si kila kompresa ina klachi ya sumaku. Baadhi ya magari ya miaka ya karibuni yana kompresa zinazozunguka moja kwa moja na mkanda na kujipunguzia nguvu kwa ndani. Puli zake zina mpira na sehemu iliyotengenezwa ikatike kompresa ikikwama. Hizo unabadilisha puli nzima ya aina yake, na habari za koili na mwanya wa klachi utakazozisoma hapa chini hazikuhusu.

Na kama gari lako ni haibridi kama Prius au Aqua, funga boneti. Kompresa zake haziendeshwi na mkanda, zinaendeshwa na umeme wa zaidi ya volti 100 kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Umeme huo unaua. Mpelekee fundi aliyesomea magari hayo.

5. Usiipe miezi

Beringi inayolia haiponi. Huanza kupata joto, grisi inaisha, puli inaanza kuyumba na kusaga koili iliyo nyuma yake. Sasa badala ya beringi unahitaji puli, koili na pengine kisahani. Siku ikikwama kabisa mkanda unaungua au unakatika, na ukikatika unaondoka na altaneta na pampu ya maji. Ukiwa Sinza utasukumwa hadi pembeni na vijana. Ukiwa kati ya Chalinze na Morogoro usiku, na injini inachemka, ni habari nyingine.

6. Amua: beringi peke yake, au seti nzima?

Uso wa puli ukiwa laini, mifereji ya mkanda ikiwa mizima na koili haijaungua, beringi peke yake inatosha, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Mimi huanzia hapo. Lakini kama puli imeyumba muda mrefu hadi tundu la beringi limelegea, au uso wake umechimbika na kuwa wa bluu kwa joto, chukua seti kamili: puli yenye beringi yake, koili na kisahani. Beringi mpya kwenye puli iliyolegea haitadumu.

Puli ya mtumba iliyotolewa kwenye kompresa ya Japani inaweza kuwa nzuri, ila kumbuka beringi yake ina umri uleule wa gari ilikotoka. Inunue kwa ajili ya chuma chake, kisha uiwekee beringi mpya.

Usiende dukani na jina la gari pekee. Gari moja la mwaka mmoja linaweza kuja na kompresa mbili tofauti. Nenda na kitu mkononi. Hizi ni beringi za gololi safu mbili zilizozibwa pande zote, na ubavuni kuna namba. Kwa mfano, 35BD5020 inakuambia kila kitu: tundu la ndani milimita 35, kipenyo cha nje milimita 50, unene milimita 20. Ikiwa namba imefutika, pima kwa venia vipimo hivyo vitatu uviandike. Kwa puli nzima, hesabu mifereji na uangalie maandishi ya mkanda: ulioandikwa 5PK1100 una mifereji 5 na urefu wa milimita 1100. Puli ya mifereji 4 kwenye mkanda wa 5 itakula mkanda.

Bandia zipo, Gerezani, Ilala na Kirinyaga Road kote. Itoe kwenye boksi uiangalie. Maandishi ya chuma yawe makali na yaliyonyooka, vizibo viwe vimekaa sawasawa pande zote mbili, na ukiizungusha usikie grisi ndani: mzunguko mzito kidogo, wa kimya. Ile inayozunguka kwa wepesi mno ikiwa mpya, huku inatoa mlio mkavu, irudishe hapohapo kaunta.

7. Ukimpa fundi, mpe kwa maneno haya

Si kila mtu ana uwanja wa kufanyia kazi, na si aibu kumlipa mtu. Mwambie: "Fundi, naomba tuvue mkanda kwanza tuzungushe puli zote. Ikiwa ni beringi, badilisha beringi, gesi usiiguse, na ya zamani nirudishie." Fundi mzuri atafurahi kusikia hivyo, kwa sababu umemrahisishia. Huyo mfuate kila mara.

8. Vifaa

Seti ya soketi kuanzia namba 8 hadi 19, racheti na nyongeza ndefu. Plaizi ya kufungulia pete za kubana, ile yenye ncha mbili nyembamba. Bisibisi haifanyi kazi yake hata ukilazimisha. Pula ndogo ya miguu miwili au mitatu. Kifaa cha kushikilia kisahani kisizunguke, au ukanda wa mpira wa kufungulia chujio la oili. Fila geji. Mita ya umeme. Jiriwa iliyofungwa imara mezani, na kama hunayo, fundi wa kuchomelea au kukereza chuma wa mtaani kwako atakusukumia beringi kwa mashine yake kwa malipo madogo. Miwani ya kukinga macho si hiari.

9. Simamisha gari lisikuue

Sehemu tambarare na ngumu. Breki ya mkono, mawe au magogo nyuma ya matairi ya nyuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Uzito wa gari uwekwe juu ya stendi imara, kisha ulisukume gari kwa bega uone kama linatikisika kabla hujaingiza kichwa. Injini iwe imepoa. Fungua waya hasi wa betri.

Kwenye Vitz, IST na Probox mikanda iko upande wa kulia, upande wa dereva, na kompresa imekaa chini. Ukivua tairi la mbele kulia na plastiki ya kukinga matope, unaiona puli mbele ya macho yako. Njia hiyo ni bora kuliko kupambana nayo kutoka juu.

10. Piga picha njia ya mkanda

Picha mbili za simu, moja kutoka juu na moja kutoka pembeni. Mkanda unaopita nyuma ya puli isiyo yake utageuza pampu ya maji upande usiofaa, na picha ya simu inakuepusha na hilo bure kabisa.

11. Kisahani cha klachi: nguvu ndogo, subira kubwa

Shikilia kisahani, fungua bolti au nati ya katikati kinyume cha saa. Ni ndogo na haikufungwa kwa nguvu za ajabu. Baada ya hapo kisahani hutoka kwa kuvutwa. Vingine vina theredi katikati: unaingiza bolti kubwa kuliko ile ya mwanzo, unaikaza taratibu, na kisahani kinajisukuma chenyewe nje. Usikichokonoe kwa bisibisi kutoka upande mmoja, kitapinda na hakitakaa sawa tena. Na nyundo iwe mbali kabisa na shafti. Pigo moja kwenye ncha ya shafti linafika hadi kwenye sili na vyuma vya ndani, na hapo ndipo gesi inapoanza kuvuja kwenye kompresa iliyokuwa nzima.

Kikitoka, angalia chini yake. Kuna washa nyembamba kama karatasi, moja au mbili au tatu, zimenata kwenye shafti au mgongoni mwa kisahani. Hizo ndizo zinazopanga mwanya wa klachi. Ziweke kwenye kikombe ndani ya nyumba, mbali na watoto na kuku.

12. Toa puli, kisha chunguza kilicho nyuma yake

Vaa miwani, toa pete ya kubana kwa plaizi yake. Pete hizo huruka kwa kasi. Puli inaweza kutoka kwa mikono. Ikigoma, ivute kwa pula ikiwa imeshika sawasawa pande zote. Pua ya kompresa inayobeba beringi ni ya alumini, laini kuliko unavyodhani, na ukiitoboa au kuikwaruza kwa kuchokoa, beringi mpya haitakaa vizuri.

Sasa unaona koili. Plastiki yake iwe haijayeyuka, waya wake uwe haujasuguliwa. Ipime kwa mita: nyingi husoma kati ya omu 3 na 5. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, imekufa. Angalia pia kuzunguka shafti. Vumbi kavu ni kawaida, lakini ukikuta mafuta yaliyolowana na kuganda na uchafu, sili ya shafti inavuja. Hiyo ni kazi ya fundi wa viyoyozi mwenye mashine ya kukusanya gesi, na ni vizuri umeijua leo.

13. Beringi inasukumwa kwa ukingo sahihi

Kuna kanuni moja, na ukiishika hutaharibu kitu. Unapoingiza beringi ndani ya puli, sukuma ukingo wake wa nje. Unapoingiza puli kwenye pua ya kompresa, sukuma ukingo wa ndani. Ukikosea, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba njia zao, na beringi mpya inaanza kulia siku hiyohiyo.

Kwanza toa ya zamani. Puli nyingi zina alama za tindo kwenye mdomo wa tundu, pale kiwandani walipokunja chuma kidogo ili beringi isitoke. Zisawazishe, kisha laza puli juu ya kitu chenye tundu na usukume beringi nje kwa soketi inayolingana. Safisha tundu lote, pitisha msasa laini penye kutu.

Joto letu linasaidia hapa. Weka beringi mpya kwenye friza usiku kucha ikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, na uianike puli kwenye jua kali la saa saba. Chuma cha baridi husinyaa na cha moto hutanuka. Tofauti ni ya sehemu ndogo sana za milimita, lakini ndiyo inayotofautisha beringi inayoteleza na inayogoma. Fanya haraka kabla hazijalingana joto, isukume kwa jiriwa na soketi inayokaa kwenye ukingo wa nje, taratibu, ikienda sambamba pande zote. Ikianza kwenda upande, irudishe uanze upya. Ikifika chini, kunja tena chuma kwa tindo sehemu tatu au nne, ila pasiwe palepale pa zamani. Usitumie moto wa kuchomelea. Grisi na vizibo vya beringi havistahimili.

14. Mwanya wa klachi ndio roho ya kazi

Rudisha koili, ukihakikisha kipini chake kimeingia kwenye tundu lake na waya haugusi puli. Ingiza puli, kisha pete ya kubana. Ikiwa ina upande uliochongwa mshazari, upande huo utazame nje. Rudisha washa ndogo, kisahani na bolti yake.

Chukua fila geji upime nafasi kati ya kisahani na uso wa puli, sehemu tatu kuzunguka. Kompresa nyingi za magari yetu hutaka kati ya milimita 0.3 na 0.6, kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Ikiwa nafasi ni ndogo mno, kisahani kitakuwa kinagusagusa puli hata AC ikiwa imezimwa, kitaungua. Ongeza washa. Ikiwa kubwa mno, punguza.

Nataka uelewe hili la mwanya mkubwa, kwa sababu linawatesa madereva wengi wa Dar na Mombasa bila wao kujua. Kiyoyozi kinapuliza baridi safi asubuhi. Saa nane, kwenye foleni ya Ubungo, kinaanza kutoa upepo wa kawaida. Ukizima gari likapoa, baridi inarudi. Watu huongezewa gesi mara kwa mara kwa shida hii, wakati gesi ilikuwa inatosha. Kinachotokea ni kwamba koili ya shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda, kama asilimia 20 kwa kila nyongeza ya nyuzi 50, na umeme unaopita unapungua, hivyo sumaku inadhoofika. Klachi iliyolika, yenye mwanya uliopanuka, haivutiki tena. Kutoa washa moja nyembamba kunarudisha baridi ya mchana. Kwa hiyo hata kama beringi yako ni nzima, kipimo hiki kinafaa kufanywa.

15. Mkanda usiukaze kwa hasira

Mkanda wenye nyufa au mifereji iliyolika, badilisha sasa hivi, umeshaufikia. Kisha ukaze kwa kiasi. Wengi wetu hupenda uwe mgumu kama ubao, na huo ndio ugonjwa ulioziua beringi zilizotangulia: mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta puli upande mmoja saa zote. Kwa magari ya kukaza kwa altaneta, legeza bolti yake ya chini na ya kufungia, kaza bolti ya kurekebishia kidogokidogo, kisha ufunge zote. Magari yenye kikazio cha springi hayahitaji kukisia. Kikazio chenyewe kikiwa kimechoka, ndicho cha kubadilisha.

Zungusha injini kwa mkono mzunguko kamili kwa soketi kwenye bolti ya puli kubwa, uone mkanda umekaa kwenye mifereji yote. Unganisha betri.

16. Ifundishe klachi kushika

Washa injini, usikilize kwanza AC ikiwa imezimwa. Kimya? Vizuri. Sasa washa na kuzima AC mara kama ishirini, ukiacha sekunde kadhaa kila mara. Nyuso mpya za chuma zinapatana na kushikana vizuri zaidi. Baada ya siku chache za safari za kawaida, angalia tena ukazo wa mkanda, hasa kama ni mpya, na uweke mkono karibu na puli baada ya kuzima gari: uvuguvugu ni sawa, joto la kuunguza si sawa.

17. Zungumza na vijana wa kuosha magari

Beringi hizi zimezibwa dhidi ya vumbi na matone ya mvua. Hazikutengenezwa kukabili bomba la presha linalolengwa kwenye puli kwa karibu, wala dizeli na mafuta ya taa yanayomwagwa injini ing'ae. Maji huingia pembeni mwa vizibo, grisi inaoshwa, kutu inafuata. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewani inaharakisha. Injini ikihitaji kuoshwa, iwe imepoa, funika altaneta na upande wa mikanda kwa mfuko wa plastiki, tumia brashi na maji ya kawaida yenye sabuni. Ukimaliza, vua mfuko, washa gari na AC uiache ikae hivyo kama robo saa ili unyevu ukauke kabla hujaliegesha usiku kucha.